Taa inayolima chumbani inakula umeme kiasi gani?

Labda picha kama hiyo imefika kwenye simu ya nyumbani mwako pia. Ni ya mtoto wa shangazi aliyekimbia Masisi zamani, akakaa miaka kambini Uganda, kisha akapelekwa Marekani. Sasa anaishi chumbani, ghorofa ya tatu. Nje ni theluji tupu. Ndani, juu ya meza, kuna beseni la udongo; juu ya beseni inaning'inia taa ya rangi ya zambarau; na chini ya taa, lengalenga! Watu wanacheka, simu inapita mkono kwa mkono. Mama mkubwa anauliza, "Huko jua limekufa?" Vijana wao wanauliza jambo lingine: "Na sisi hatuwezi kufanya vile?"

Maswali yote mawili ni mazuri, na yote mawili yanataka hesabu. Usiogope, msomaji. Ni hesabu ya kuzidisha na kugawanya tu, ile uliyojifunza shule ya msingi.

Tuanze na mama mkubwa. Jua la huko halikufa, lakini limepungua sana. Masisi na Walikale ziko karibu na digrii moja na nusu tu kusini ya ikweta. Ndiyo maana kwetu mchana unadumu kama masaa 12 mwaka mzima. Mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili hutofautiana kwa dakika chache tu, hata mkulima hazioni. Lakini katika jimbo la Minnesota, lililo karibu na digrii 45 kaskazini, mchana wa mwezi wa kumi na mbili haufiki masaa 9, na jua lenyewe linapita chini chini, kama mtu anayepita nyuma ya nyumba asionekane. Mmea uliozoea jua letu unashangaa. Unanyoosha shina jembamba kuelekea dirishani, majani yanakuwa ya manjano, na mwisho unaanguka. Ndiyo sababu ndugu yetu amenunua taa. (Angeweza pia kuanza na dirisha linalotazama kusini, maana huko kaskazini jua la baridi liko upande wa kusini siku zote. Hilo halina faktira.)

Hesabu ya faktira

Kila taa ina namba ya wati. Wati ni kasi ya kula. Ukitaka kujua imekula kiasi gani, zidisha wati kwa masaa iliyowaka. Taa ya wati 100 ikiwaka masaa 16 kwa siku imekula wati-saa 1,600, yaani kilowati-saa 1.6. Kwa siku 30 ni kilowati-saa 48. Mwaka 2024 bei ya umeme wa nyumbani Marekani ilikuwa, kwa wastani, senti 16 na kitu kwa kilowati-saa moja. Basi taa ile inamgharimu ndugu yetu kama dola 8 kwa mwezi.

Dola 8 kwa mtu wa kazi ya kiwandani huko si msiba. Lakini ni bei ya mafungu mangapi ya mboga? Na taa ya wati 100 inatosha eneo dogo tu, kama mita moja ya mraba au pungufu kwa mboga za majani. Taa ikiwekwa juu sana, mwanga unatawanyika bure. Kwa taa ndogo, ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaofika kwenye jani unabaki karibu robo. Kwa hiyo wanaojua wanaishusha karibu na mmea, wanazungushia pembeni karatasi nyeupe au ya kung'aa ili mwanga urudi, na wanafunga saa ya kuizima yenyewe usiku. Mmea nao unahitaji kulala.

Kuna ujanja wa wafanyabiashara ambao inafaa uujue, maana taa hizo zimeanza kuonekana pia katika maduka ya miji yetu. Kwenye boksi wanaandika "1000" kwa herufi kubwa, kumbe taa yenyewe inavuta wati 100 tu. Ile 1000 wanasema ni "sawa na" taa ya zamani. Usisome boksi. Soma maandishi madogo nyuma ya kifaa: volti ngapi, ampea ngapi. Zidisha, utapata karibu na ukweli.

Na kwa nini zambarau? Jani linaonekana kijani kwa sababu linarudisha sehemu ya mwanga wa kijani. Mwekundu na wa buluu linameza zaidi. Watengenezaji wakachanganya taa nyekundu na za buluu tu, na jicho letu linaona zambarau. Taa nyeupe za siku hizi zinafanya kazi hiyo vizuri pia, na haziumizi macho ya watoto. Taa ya LED ya buluu ilisumbua wataalamu miaka mingi. Wajapani watatu kwa kuzaliwa, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Bila buluu isingepatikana hata ile balbu nyeupe ya LED inayowaka jikoni mwako. Balbu ya zamani ya waya ilikuwa inageuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa joto. Ilifaa kwa vifaranga kuliko kwa mboga. Taa ya LED iliyo nzuri inageuza karibu nusu ya umeme kuwa mwanga.

Jambo ambalo vijana wanalijua tayari

Tusijifanye hatujui. Huko Ulaya na Marekani, taa za namna hii zilipata sifa mbaya kwanza kwa ajili ya bangi inayolimwa kwa kificho ndani ya nyumba. Mwaka 2012 mtaalamu Evan Mills alikadiria kwamba bangi ya ndani ya nyumba ilikuwa inakula kama asilimia 1 ya umeme wote wa Marekani. Asilimia moja ya nchi kubwa namna ile! Mara nyingi polisi waliwatambua wakulima hao kwa faktira zao, au kwa umeme walioiba kwenye waya kabla ya mita.

Kesi moja ilifika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1992, katika jimbo la Oregon, maofisa walielekeza kamera inayoona joto kwenye nyumba ya bwana mmoja anayeitwa Kyllo. Waliona paa na ukuta vina joto kuliko nyumba za jirani, wakashuku taa, wakaingia, wakakuta mimea zaidi ya 100. Mwaka 2001 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba kuchungulia nyumba ya mtu kwa chombo kama hicho bila ruhusa ya hakimu ni kuvunja haki yake. Angalia basi: kilichomtoa nje ni joto. Umeme wote unaoingia katika taa, hata ule uliokuwa mwanga, unaishia kuwa joto chumbani. Kwa ndugu yetu wa Minnesota joto hilo si hasara kabisa, linasaidia chumba wakati wa baridi. Kwa mtu wa Walikale, ambako jasho linatiririka tayari, lina faida gani?

Sasa tuje nyumbani

Sehemu kubwa ya Masisi na Walikale haina laini ya SNEL. Umeme wetu ni pano ya jua juu ya bati na betri chini ya kitanda, ama jenereta ya jirani inayolia mpaka saa mbili usiku. Tuchukue familia yenye pano ya wati 50, ambayo si ndogo. Milima yetu ina ukungu na mawingu, kwa hiyo tuhesabu masaa 4 ya jua kamili kwa siku: wati-saa 200. Betri na waya vinakula sehemu yake. Tubaki na 150 za kutumia.

Balbu tatu za wati 3, masaa 5: wati-saa 45. Simu nne, ukihesabu na hasara ya kuchaji, kama 60. Redio ya wati 5 kwa masaa manne: 20. Jumla 125. Zimebaki 25 kwa dharura, kama mtoto akiugua usiku.

Sasa kijana wa nyumba ameona picha ya Marekani, naye amepata kataa kadogo ka wati 20. "Papa, ni kadogo tu!" Kadogo, ndiyo, lakini kanawaka masaa 12. Ishirini mara kumi na mbili ni 240. Kataa hako peke yake kanataka zaidi ya kile pano nzima inacholeta kwa siku! Siku ya kwanza betri itavumilia. Wiki ya pili mtoto wa shule atasoma gizani, na simu ya baba haitawaka asubuhi anapotaka kujua kama njia ya Sake iko wazi. Na betri ya risasi, ile ya gari, ukiitoa chini ya nusu mara kwa mara inakufa kabla ya wakati wake. Kununua nyingine ni bei ya mbuzi, pengine zaidi, na mboga zenyewe hazijafika sufuriani.

Na ile taa ya wati 100 ya ndugu yetu? Kuilisha kungetaka pano nane za namna hiyo, kabla ya kuhesabu hasara yoyote.

Msomaji mwerevu ataona kitu cha kuchekesha hapa. Tunapokea jua juu ya paa, tunaligeuza umeme, tunaweka umeme katika betri, tunautoa, tunaugeuza mwanga tena, ndipo tunaupa mmea. Kila mlango una mtoza ushuru wake. Katika sehemu 100 za jua, pano nzuri inashika kama 20. Betri ya risasi inarudisha kama 16 kati ya hizo. Taa inatoa 8. Hata ukikumbuka kwamba karibu nusu tu ya jua, kama sehemu 45, ndiyo inayofaa kwa majani, bado mmea ulioko nje unapata zaidi ya mara tano kuliko ule wa chumbani. Na nje hakuna waya.

Watu wa Goma wana Matebe, kituo cha umeme wa maji kilichofunguliwa Rutshuru mwezi wa kumi na mbili 2015 kwa kazi ya Hifadhi ya Virunga, chenye nguvu ya megawati 13 na kidogo. Kimewasha maelfu ya nyumba. Sasa fanya hesabu nami. Mita moja ya mraba ya shamba inapokea kama kilowati-saa 4 za jua kwa siku. Nusu inafaa kwa majani, na kwa kuwa taa nzuri inapoteza nusu, kuliiga jua juu ya mita hiyo kunataka tena kama kilowati-saa 4 za umeme. Matebe ikifanya kazi usiku na mchana kwa nguvu zake zote inatoa zaidi ya kilowati-saa 310,000 kwa siku. Gawanya. Kituo kizima, bila kuacha hata balbu moja kwa Goma na Rutshuru, kingetosha kumulika kama hekta 8. Mlima mmoja wa Masisi wenye viazi na maharagi unapita hapo.

Wenye pesa wamejaribu, tusiwacheke. Marekani palikuwa na makampuni yaliyolima saladi katika maghala, rafu juu ya rafu, taa tupu. AeroFarms iliomba ulinzi wa kufilisika mwezi wa sita 2023. Bowery ilifunga milango mwezi wa kumi na moja 2024. Umeme haukuwa sababu peke yake, ila ulikuwa mzigo mkubwa. Uholanzi, bei ya gesi na umeme ilipopanda mwaka 2022, wakulima wengi wa vioo walizima taa zao au waliacha nyumba zao tupu majira yale.

Bati letu liko ndani ya taa hiyo

Hapa wachimbaji wasogee karibu. Vile vidude vidogo vinavyowaka katika taa ya LED vimegandishwa kwenye ubao wake kwa bati lililoyeyushwa. Karibu nusu ya bati lote duniani linaishia kwenye kazi hiyo ya kugandisha vifaa vya umeme. Na bati linatoka kwenye kasiterite, ile mawe mizito inayojulikana na kila mtoto wa Njingala na Mubi. Mgodi wa Bisie, Walikale, ambao watu waliuchimba kwa mikono tangu miaka ya mwanzo ya 2000, sasa uko chini ya kampuni ya Alphamin iliyoanza kutoa madini mwaka 2019. Umehesabiwa kutoa kama asilimia 6 ya bati la dunia. Ulisimama mwezi wa tatu 2025 vita vilipofika Walikale, ukaanza tena mwezi uliofuata. Kwa hiyo taa inayowasha lengalenga ya Minnesota huenda imebeba chembe ya Bisie, na kijiji kando ya njia ya Bisie bado kinawasha tochi ya mawe. Sisemi zaidi, mwenye macho anaona.

Pale ambapo taa ya usiku ina maana

Kwa haki, niseme kwamba hata katika ikweta kuna wakulima wanaowasha taa juu ya mimea, na wanapata faida. Nenda Naivasha, Kenya, au kwenye mashamba ya maua ya Uganda. Usiku utaona nyumba za plastiki zinang'aa. Je, hawajui hesabu yetu? Wanaijua sana. Wao hawatumii taa kuwa chakula cha mmea. Wanaitumia kuwa ishara.

Kuna maua, kama krisantemu, ambayo yanahesabu urefu wa usiku. Usiku ukiwa mrefu, yanachanua. Kwetu usiku ni masaa 12, kwa hiyo yangechanua yakiwa bado mafupi, na vipande vya kupandwa vinavyouzwa Ulaya visingefaa. Mkulima anawasha taa hafifu masaa machache katikati ya usiku; mmea unadhani usiku ni mfupi, unaendelea kurefuka. Akitaka uchanue, anazima. Mwanga kidogo sana unatosha kwa ishara, kama mlio mdogo wa kengele unavyotosha kuita watu wengi. Wakulima wa soya huko Marekani wanaona jambo hilo bila kulitaka: soya iliyo chini ya taa ya barabara inabaki kijani wakati nyingine zote zimekauka. Ukiwa na mahindi kando ya taa kali ya ulinzi na yanachelewa kutoa maua, usimshuku jirani kwamba amekuroga. Angalia taa kwanza.

Kijana anayetaka kulima ndani

Wako watu ambao hawana shamba la kwenda. Familia nyingi za Masisi zimehama zaidi ya mara moja, na wanaoishi katika chumba cha kupanga au uani kwa watu wanajua udongo wao ni upana wa mkeka. Kwao swali la kulima chumbani si mchezo. Lakini taa siyo njia.

Gunia moja lililojazwa udongo na samadi, na nguzo ya mawe madogo katikati ya kupitisha maji, linabeba miche mingi ya lengalenga, vitunguu na bilinganya pembeni na juu. Linakaa uani, penye jua. Miche ya nyanya ianze katika beseni chini ya upenu, upande unaopata jua la asubuhi, ukiigeuza kila siku ili isiiname upande mmoja. Ikirefuka na kuwa myembamba, isogeze mbele. Inakuambia ina njaa ya mwanga.

Na kama kweli ni chumba tu, bila ua wala dirisha la maana, basi lima uyoga. Uyoga hauna ile rangi ya kijani ya majani, hautengenezi chakula kwa jua, unakula kilichokufa. Maganda ya maharagi, magunzi ya mahindi yaliyopondwa, majani makavu ya migomba: unavichemsha ili kuua wadudu na ukungu mwingine, unaviacha vipoe, unachanganya na mbegu ya uyoga, unafunga katika mifuko yenye matundu na kuiweka fasi yenye kivuli na unyevu. Wiki chache mfuko unakuwa mweupe wote. Ukianza kutoa, uyoga wa pleroti unahitaji mwanga kidogo tu ili usimame vizuri, ule unaopenya mlangoni mchana. Unyunyize maji asubuhi na jioni, na ufungue mlango hewa ipite. Tumia ile mbegu iliyonunuliwa kwa mtu anayejulikana. Uyoga wa kuokota msituni usiupande wala usiuuze kama huujui, maana umeua familia nzima kwa sahani moja.

Neno la mwisho ni kwa wenye betri zilizokwisha kufa, iwe ni kwa taa ya mboga au kwa televisheni ya mpira. Ndani yake mna risasi na asidi. Usiipasue uani ili kutoa risasi ya kuyeyusha, hata kama mnunuzi wa vyuma amekuahidi pesa nzuri; vumbi lake linaingia katika damu ya watoto na kudhuru akili zao. Iache nzima, isimame wima, fasi isiyofikiwa na mvua wala kuku, mpaka apite fundi anayezinunua zikiwa kamili.